Choo Kimejaa, Barua Bado Iko Mezani

Mimi ni mhudumu wa afya wa kujitolea. Napita nyumba kwa nyumba nikikumbusha watu kunawa mikono, kuchemsha maji na kumpeleka mapema mtoto anayeharisha. Leo nasema jambo ambalo sabuni peke yake haiwezi kulimaliza.

Katika mtaa mmoja kati ya Arua na Koboko (sitautaja, wenyewe wanajijua) kuna vyumba vya kupanga kumi na vinne, na choo ni kimoja. Wapangaji wengi ni wakimbizi wa Kongo na Sudan Kusini waliotoka kambini kutafuta shule na kazi. Choo kilijaa kabla ya Pasaka. Mvua ikinyesha, uchafu unashuka mpaka wanapochota maji.

Mwenye nyumba alijibu kwamba asiyetaka ahame. Wakaenda kwa mwenyekiti wa LC1, akagonga muhuri, barua ikapelekwa mjini. Huko wakaambiwa: ninyi wakimbizi, nendeni kwa wanaohudumia wakimbizi. Walipofika huko wakaambiwa: ninyi mnakaa mjini, rudini mjini. Miezi inapita.

Mimi naona majibu haya hayana msingi. Sheria ya Afya ya Umma, ya tangu 1935 na iliyorekebishwa 2023, inaipa serikali ya mtaa wajibu wa kuondoa uchafu unaohatarisha afya. Haiulizi kadi ya ukimbizi. Sheria ya wenye nyumba na wapangaji ya 2022 inataka nyumba ya kupangisha ifae binadamu kuishi. Nayo Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inampa mkimbizi uhuru wa kutembea nchini, basi kukaa mjini si kosa.

Najua viongozi nao wana shida. Koboko ilikuwa wilaya 2005, Arua ikawa jiji 2020, na Madi-Okollo na Terego zimekatwa kutoka Arua. Mafaili yamehamahama, na mkaguzi wa afya wakati mwingine hana hata mafuta ya pikipiki. Lakini kipindupindu hakingoji faili. Mtu akimeza vijidudu anaweza kuanza kuharisha ndani ya saa chache au siku tano, na asipopewa maji ya ORS anaweza kufa siku hiyohiyo.

Tunachoomba ni kidogo: mkaguzi aje aone kwa macho yake, ampe mwenye nyumba notisi ya maandishi yenye tarehe, na tarehe ikipita ampeleke mahakamani.

Nanyi wapangaji, wekeni nakala ya kila barua, na mwandike siku na jina la aliyeipokea. Nakiri kosa langu hapa: barua ya kwanza niliiandika mimi, sikuweka nakala, na ilipopotea tukaanza upya. Jumatatu tunapeleka ya tatu.