Eka Moja Hunywa Ndoo Elfu

Juma hili ninayo mezani barua ya wakulima wa kijiji kimoja cha tambarare. Wasema wamekwisha kuchanga fedha za kuchimba mfereji, eka 200 zimekwisha kugawanywa, na kilichobaki ni mimi kuwaambia wapande nini. Ndugu zangu, nisameheni nikiwarudisha nyuma. Katika mchango huo zimo fedha za wajane, nanyi wenyewe mmeandika kwamba mto mliutazama mwezi wa Mei. Mwezi wa Mei kila kijito ni mto!

Tuanze na kiu ya shamba. Eka moja ni meta za mraba 4,000 na kidogo. Mahindi yaliyofunga majani, katika nchi ya joto, hutaka maji ya kimo cha milimita 5 hivi kila siku. Ukipiga hesabu utapata lita 20,000, yaani ndoo kubwa elfu moja kwa siku, na hiyo ni eka moja tu. Tena hayo ni maji yafikayo kwenye mizizi. Mfereji wa udongo nao una kiu yake, na mara nyingi nusu ya maji hupotea njiani.

Sasa pimeni mto, lakini wakati wa kiangazi, Septemba au Oktoba. Tafuteni mahali uliponyoka, pimeni meta 10 ukingoni, tupeni gunzi la mahindi majini, na mwenye saa ahesabu sekunde. Tuseme upana ni nusu meta, kina sentimeta 20, na gunzi limepita kwa sekunde 25. Maji ya juu hukimbia kuliko ya chini, kwa hiyo punguzeni robo ya mwendo. Mtapata lita 30 kwa sekunde. Kwa mfereji unaopoteza nusu, lita moja kwa sekunde hutosha eka mbili hivi, basi lita 30 ni eka 60, mkikesha mkimwagilia usiku na mchana. Mkilala usiku bila bwawa la kuyatunza maji, ni eka 30. Na hapo hamjawaachia kitu walio chini yenu.

Neno hili la walio chini si dogo. Kule Moshi, katika tambarare chini ya Kilimanjaro, mradi mkubwa wa umwagiliaji ulikamilika mwaka 1987 kwa mkopo wa Japani, na hekta 1,100 zikatengwa kwa mpunga. Mavuno yalikuwa mazuri mno. Ndipo wakulima wa juu, nje ya mradi, walipoona faida, nao wakaanza mpunga wakateka maji ya mto Rau kabla hayajafika. Mifereji ya saruji ikabaki, na mashamba mengine ya mradi yakakosa maji. Siwalaumu, nani ataona mpunga wa jirani akae kimya? Ila yafaa mjue ni nani yuko juu yenu, mkaombe kibali Bodi ya Maji ya Bonde kabla ya kushika jembe.

Tuje kwenye udongo, nao usitazamwe kwa juu juu. Chimbeni mashimo kadhaa, sehemu mbalimbali za zile eka, kina cha meta moja na nusu. Tazameni ukutani. Mkikuta tabaka gumu kama sakafu, maji yatasimama juu yake na mizizi itaoza. Madoa ya kutu katika udongo wa kijivu ni dalili kwamba maji hukaa hapo muda mrefu. Mpunga utavumilia, vitunguu na maharage hapana. Kisha jazeni maji katika shimo fupi, yakinywewa jazeni tena, mtazame. Yakitoweka upesi mara ya pili, huo ni mchanga, msithubutu kuulimia mpunga.

Na magadi! Hapa nina uchungu wangu. Mimi niliwahi kulima vitunguu bondeni, na kwa furaha ya kuwa na maji nikafungulia kila siku. Mwaka wa tatu ardhi ikatoa unga mweupe, miche ikakauka huku miguu yake imelowa. Chumvi ilikuwa chini tangu zamani. Maji yangu ya kupita kiasi, yasiyokuwa na pa kutokea, ndiyo yaliyoipandisha, jua likanyonya maji na kuiacha juu. Shamba lile leo wanalisha mbuzi. Ninyi chukueni bonge kavu la udongo, litieni taratibu katika glasi ya maji ya mvua, msilikoroge. Baada ya saa chache, likizungukwa na wingu kama maziwa, shakeni magadi. Jasi yaweza kuuponya udongo huo, pamoja na mitaro ya kutolea maji, lakini ni gharama. Afadhali mpelekeeni Bwana Shamba sampuli, aipeleke maabara kabla fedha hazijatumika.

Mfereji na ungoje hadi Oktoba ipite, na fedha zikae kwa mweka hazina. Mkiwa na hesabu ya gunzi na habari ya kila shimo, niandikieni tena, ndipo tutazungumza mbegu.