Majina ya Voi

Wapo wasemao kuwa Voi haina tarihi ila ya gari la moshi. Haya, natuitazame hiyo hiyo reli.

Ilianzwa Mombasa mwaka 1896, ikaikata nyika ya Taru, na mji ukakua kando yake katika nchi ya Wataita. Mwaka 1915, Waingereza wakipigana na Wajerumani, ikatolewa hapo njia ya kwendea Taveta.

Makaburi ya askari wa vita hivyo yapo Voi, yametunzwa, na majina yamechongwa. Ni jambo jema. Lakini wapagazi wa Kariakoo walikufa kwa maelfu kwa maradhi na njaa, na wengi wao hawana kaburi lijulikanalo. Na makuli wa Kihindi, wakiwamo Waislamu, walikufa yapata 2,500 reli ilipojengwa. Nani awatajaye?

Sisi tusomapo hitima humtaja marehemu kwa jina lake. Basi vijana, tangu 2017 mwapita Voi kwa reli mpya, mbio mbio. Shukeni siku moja. Waulizeni wazee majina ya babu zao waliochukuliwa, mkayaandike. Jiwe ni ghali. Daftari si ghali.