TAHARIRI: Supu ya bakteria haingoji unga wa maabara kutoka Nairobi

Kama unasoma sekondari hapa Eldoret, jiulize swali moja. Umewahi kuwaona bakteria wakikua? Si kwenye picha ya kitabu wala video ya simu. Kwenye chupa, mezani, mbele yako.

Wengi wenu mtasema hapana. Mnaweza kuchora bakteria na mkia wake, mnajua kwamba wako kwenye himaya ya Monera, mnajua homa ya matumbo inaletwa na Salmonella. Yote ya kukariri. Ukiuliza mbona hamfanyi jaribio lenyewe, jibu ni lile lile kila muhula: unga wa supu ya virutubishi haujaletwa, pesa za maabara hazijaingia, tungojeeni kidogo.

Sisi tunasema msingoje. Hiyo supu inapikika.

Ule unga unaouzwa kwa mkebe una nini ndani? Kwa lita moja ya maji, kawaida ni gramu 5 za peptoni, yaani protini iliyovunjwavunjwa ili bakteria waimeze kwa urahisi, gramu 3 za dondoo la nyama, na chumvi. Basi. Kabla ya kuwa unga ilikuwa nyama iliyochemshwa, na watafiti wa karne ya 19 waliipika wenyewe. Hata aga, ile kitu inayogandisha supu kwenye sahani za Petri, ilitoka jikoni. Mwaka wa 1881 Walther Hesse alikuwa akihangaika Ujerumani kwa sababu jelatini yake iliyeyuka kila joto lilipopanda. Mkewe, Fanny Hesse, ndiye aliyemwambia ajaribu aga, kwa kuwa yeye alikuwa akigandishia vyakula vyake nayo. Robert Koch akaichukua, na hadi leo maabara za dunia nzima zinaitumia. Huyo mama hakungoja mkebe.

Kwa hivyo shikeni robo kilo ya nyama isiyo na mafuta. Ikatekate ndogo sana, itie kwenye nusu lita ya maji, ichemke polepole kama saa moja. Chuja kwa kitambaa safi. Iache ipoe ili mafuta yagande juu, uyatoe yote. Tia chumvi robo kijiko cha chai na sukari kidogo. Supu ya nyama huwa na asidi kiasi, na bakteria wengi hawaipendi, kwa hivyo ongeza magadi, yale yale ya kupikia mboga, chembe kwa chembe hadi karatasi ya litmasi isionyeshe asidi wala besi. Na tafadhali, usitie Royco, kitunguu wala dania. Hatumpikii mgeni.

Kisha ichuje tena, na hapa msiwe wavivu. Supu lazima iwe angavu, uweze kusoma maandishi ukiyatazama kupitia kwenye chupa. Dalili ya kwamba bakteria wamekua ni supu angavu kuwa na ukungu kama maji ya mchele. Ikiwa ilikuwa na ukungu tangu mwanzo, utajuaje?

Sasa tufike kwenye jambo ambalo kitabu chako huenda hakikukuambia, kwa sababu hakikuandikiwa mtu wa Eldoret.

Mwandishi wa tahariri hii alifanya jaribio hili akiwa kidato cha tatu, katika shule ambayo haitatajwa hapa. Tulichemsha supu kwenye sufuria ya kawaida dakika kumi, tukaitia kwenye chupa tatu, tukaziba kwa pamba. Moja tuliifungua makusudi ili hewa iingie. Nyingine mbili zilitakiwa kubaki angavu. Tuliporudi Jumatatu, zote tatu zilikuwa zimechafuka. Mwalimu akasema jaribio limefeli, tukamwaga, tukarudi kwa daftari. Hakuna aliyeuliza kwa nini.

Kwa nini? Kwa sababu Eldoret iko karibu mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, na maji yanachemka yakifika kama nyuzi 93 tu, si 100 kama Mombasa. Ndiyo maana githeri ya huku inachukua muda mrefu hivyo kuiva. Na kuna bakteria ambao mambo yakiwa magumu hujifungia ndani ya ganda gumu linaloitwa spora. Spora hizo zinaweza kuhimili hata nyuzi 100. Kwa 93 ni kama umezipa maji ya kuoga. Supu ikipoa, zinaamka na kuanza kula.

Maabara hutumia otoklevu, mashine inayobana mvuke hadi nyuzi 121, na kwa chupa ndogo dakika 15 zinatosha. Shule yako haina otoklevu? Sufuria ya presha ni ndugu yake mdogo. Lakini hata hapo kimo cha Eldoret kinakufuata. Sufuria ambayo kule Mombasa ingefika nyuzi 121, hapa inafika kama 117, na kila nyuzi zinavyopungua ndivyo muda unavyopaswa kuongezeka. Tunashauri dakika 40 tangu ianze kupiga filimbi. Usiitoe haraka. Zima moto, iache ipoe yenyewe, la sivyo supu itafoka na kuruka yote kwenye pamba.

Jaribio lenyewe sasa ni chupa tatu. Ya kwanza inapitia sufuria ya presha na haifunguliwi kamwe. Ya pili inapitia sufuria ya presha, halafu inaachwa wazi darasani nusu saa, ndipo inazibwa. Ya tatu inachemshwa tu kwenye sufuria ya kawaida na kuzibwa. Ya kwanza ikibaki angavu na nyingine zichafuke, umeona mambo mawili kwa mpigo: kwamba hewa unayopumua imebeba vijidudu, na kwamba kuchemsha si sawa na kuua kila kitu. Ya kwanza ikichafuka pia, usimwage na kurudi kwa daftari kama sisi. Tafuta ilipoingilia. Ni pamba? Ni muda? Kutafuta huko ndiko sayansi yenyewe, na hakuna mtihani wa kuchagua A, B au C unaoweza kukufundisha.

Walimu wengine wanakataa jaribio hili kwa kuhofia usalama, na tusiwacheke. Wana hoja. Katika supu nzuri na joto la kutosha, bakteria wengine hugawanyika kila dakika 20. Piga hesabu: mmoja tu, baada ya saa nane, ni zaidi ya milioni 16. Hujui ni nani hao. Kwa hivyo usichovye pamba kwenye kidonda, kooni au chooni, wala usilete maji ya mto Sosiani ati uone. Hewa ya darasa inatosha. Weka chupa kabatini kwa joto la kawaida la chumba, si penye joto kama la mwili, kwa sababu joto hilo ndilo wanalopenda wanaotuletea magonjwa. Eldoret ni baridi, kwa hivyo vumilia hata wiki nzima. Usifungue, usinuse, usionje. Ukimaliza, chupa zote zinarudi kwenye sufuria ya presha zikiwa zimezibwa, dakika 40 tena, ndipo mnamwaga. Sufuria hiyo ikishaingia maabara hairudi jikoni. Na usifanye haya nyumbani chini ya kitanda. Fanya shuleni, mwalimu akiwepo.

Lakini hofu ikishawekewa masharti haiwezi kuendelea kuwa kisingizio. Wanafunzi wa kwanza wa CBC wameingia sekondari ya juu, na wengi wamechagua mkondo wa sayansi. Waliahidiwa masomo ya kutenda. Tuko kwenye jiji lenye Hospitali ya Rufaa ya Moi na Chuo Kikuu cha Eldoret, na Chuo Kikuu cha Moi kiko hapo Kesses. Baadhi ya watu watakaosoma sampuli za damu yako miaka kumi ijayo wamekaa leo kwenye madarasa ya Langas, Huruma na Kapsoya, na wanafundishwa kuwajua bakteria kama wanavyofundishwa tarehe za vita.

Na hata asiyetaka udaktari anahitaji kuiona chupa hiyo. Ni mara ngapi umeingia duka la dawa ukanunua vidonge vinne vya amoxicillin bila karatasi ya daktari, ukameza viwili, ukapata nafuu, ukaacha? Serikali ilitoa sera ya kupambana na usugu wa dawa mwaka wa 2017, na bado tunanunua dawa kwa mtindo huo. Mtu aliyeona kwa macho yake spora chache zikinusurika kwenye supu iliyochemshwa, kisha zikaijaza chupa nzima, haelezwi mara mbili kwa nini waliobaki ndio hatari.

Kitu cha ajabu ni kwamba jamii zetu hazikuwa wageni wa kazi hii. Mursik wanayonyweshwa wanariadha wakitua uwanja wa ndege wa Eldoret ni maziwa yaliyofanyiwa kazi na bakteria wa asidi ya laktiki. Kogo wako alijua kukwaruza kibuyu kwa mkaa, kukifunika na kungoja. Alijua kibuyu kisichosafishwa vizuri huharibu maziwa. Hakuwa na mkebe wa unga kutoka popote.

Bodi za shule tunaziomba kitu kimoja kabla ya muhula ujao: sufuria moja ya presha kwa kila maabara. Nyama, pamba na magadi darasa linaweza kuchanga. Wewe nawe usiende kwa mwalimu peke yako. Nendeni watano, mkiwa mmeandika mnachotaka kufanya na jinsi mtakavyotupa uchafu. Mwalimu akiona sehemu ya kutupa uchafu imeandikwa, ni vigumu kusema la.

Na ile chupa ya kwanza, kama itabaki angavu, msiimwage pamoja na zingine. Iandikeni tarehe, muiweke juu ya kabati la maabara, muone itafika lini.