Kabla hujamwita msaliti, msome Teddy Taylor



Juzi kwenye grupu letu la wilaya kijana mmoja aliuliza kwa nini majina ya wagombea yamekatwa bila maelezo. Dakika kumi hazijaisha, kashaitwa pandikizi, msaliti, katumwa. Usiku akaondolewa kwenye grupu. Mimi nilisoma yote nikanyamaza, na hilo linaniuma mpaka leo.

Sasa ngoja niwape stori ya Teddy Taylor, mbunge wa chama cha Conservative cha Uingereza. Siasa zake nyingi sizikubali. Huyu alitaka hata adhabu ya kunyonga irudishwe. Ila kuna kitu cha kujifunza kwake.

Mwaka 1970 alipewa unaibu waziri. Mwaka uliofuata Waziri Mkuu Edward Heath akaamua kuiingiza nchi kwenye Jumuiya ya Ulaya. Taylor hakukubali, akajiuzulu. Hakuhama chama. Akarudi kukaa viti vya nyuma na kuendelea kusema alichoamini. Mwaka 1979 akapoteza jimbo lake la Glasgow Cathcart, kwenye uchaguzi uleule ambao chama chake kilichukua nchi. Mwaka 1980 akarudi bungeni kwa uchaguzi mdogo wa Southend East, tena kwa kura 430 tu za ziada.

Novemba 1994 serikali ya John Major ikaleta muswada wa kuongeza mchango wa Uingereza kwa Ulaya, ikatangaza kwamba ni kura ya kufa na kupona. Taylor na wenzake saba wakagoma kuiunga mkono. Wote wanane wakatolewa kwenye kambi ya chama bungeni. Siku nane baadaye serikali ikataka kupandisha kodi ya nishati ya majumbani, ikaangushwa kwa kura 319 dhidi ya 311. Aprili 1995 waasi wakarudishwa, na msimamo wao uleule.

Oneni tofauti: wakati wote huo waliendelea kuwa wabunge. Hapa kwetu Tanzania ukivuliwa uanachama, na ubunge umekwenda. Kwa hiyo neno "msaliti" kwetu ni panga. Linakata mpaka sauti ya wananchi waliokupigia kura.

Najua kuna atakayesema ugomvi ule ndio uliowamaliza. Ni kweli uliwaumiza: mwaka 1997 walibaki na wabunge 165, Labour wakapata 418. Chama kinachogombana hadharani kinalipa. Lakini kufukuzana hakukuzima hoja. Mwaka 2016 asilimia 52 ya wapiga kura walichagua kutoka Ulaya, na Taylor, aliyefariki 2017, aliliona hilo kwa macho yake. Mtu unaweza kumtoa nje, hoja yake inabaki ndani.

Kipimo changu ni kimoja: anayepinga amepata nini, au amepoteza nini? Aliyenunuliwa utamwona na cheo kipya. Taylor aliacha unaibu waziri. Kijana wetu kapoteza hata grupu.

Admin, mrudishe yule dogo. Halafu viongozi wa wilaya mjibu swali lake, kwa sababu na mimi sasa nauliza: majina yalikatwa kwa vigezo gani?