Kitasa Kipya Kisiuharibu Mlango wa Kale

Mji Mkongwe wa Unguja uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, na milango yake ya nakshi ni sehemu kubwa ya sifa hiyo. Walakini, mlango hausimami kwa nakshi peke yake. Husimama kwa vyuma vyake, na vyuma hivyo ndivyo vinavyopotea.

Mlango wa kale una vipande viwili, na katikati yake umo mfaa, ule mti wenye nakshi unaoufunika mwanya. Hauna bawaba, huzunguka kwa ncha zake zilizoingia katika matundu ya juu na ya chini. Kwa nje hufungwa kwa mnyororo mzito unaopachikwa katika tumbuu, na kwa ndani hufungwa kwa komeo.

Nyumba inapotengenezwa, fundi huletewa kitasa cha dukani, kilichokusudiwa mlango mwembamba wa bawaba. Ili kikae, hana budi kuuchimba mfaa kwa patasi. Kazi ya mchongaji wa zamani huharibika kwa saa moja, na chuma chepesi kilichopakwa rangi ya shaba hushika kutu upesi kwa hewa ya chumvi. Mnyororo wa zamani nao huishia katika duka la vitu vya kale.

Wapo wanaodai kwamba tumbuu na mnyororo haviwezi kumzuia mwizi wa leo. Hoja hiyo ina uzito, lakini jibu lake si patasi. Kitasa cha kubandika hukaa kwa ndani bila kuugusa mfaa. Wengine hutafuta vyuma vya kale madukani. Hao nao wajihadhari: anayenunua tumbuu ya kale ili aupambe mlango wake huenda anaunyang'anya mlango wa jirani.

Njia iliyo bora ni kumpelekea mhunzi tumbuu au njumu moja iliyosalia, iwe kielelezo cha kutengenezea zilizopungua. Hivyo fedha hubaki nchini, na ujuzi hupata warithi.

Hapa ndipo ulipo wajibu wa mtumishi wa umma. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe ni mali ya Serikali na ya Wakfu, na Mamlaka ya kuuhifadhi mji huo ipo tangu mwaka 1985. Afisa anayeidhinisha matengenezo aandike wazi katika zabuni kwamba vyuma vya mlango vitengenezwe na mhunzi kwa kufuata vya asili, na kwamba mfaa usichimbwe. Mwalimu wa amali naye awafundishe vijana kufua tumbuu kama anavyowafundisha kuunga madirisha ya chuma. Bila zabuni, mhunzi hatapata kazi. Na bila mwanafunzi, ujuzi wake utazikwa pamoja naye.

Wahenga walisema: usiache mbachao kwa msala upitao. Kitasa cha dukani ni msala upitao.