Projekta Darasani: Chombo cha Kuulizia, Si Ubao wa Kunakili

Katika shule moja ya sekondari ya pwani, mahali ambapo mtu akisimama dirishani huiona bahari, nilipata kuhudhuria kipindi cha Jiografia kilichohusu kujaa na kupwa kwa maji. Mwalimu alikuwa amejiandaa barabara. Projekta ilikuwa mezani, kompyuta imewashwa, na slaidi 31 zimepangwa kwa ajili ya kipindi cha dakika 40. Kila slaidi ilikuwa na kichwa cha habari na vitone sita au saba, na mbele ya kila kitone sentensi iliyotolewa kitabuni. Mwalimu alisoma, wanafunzi wakanakili. Kila alipotaka kubadili slaidi, darasa zima lilipaza sauti: "Bado, mwalimu!" Naye akangoja. Miongoni mwa waliokuwa wakinakili maana ya bamvua walikuwamo watoto wa wavuvi, ambao wamelijua bamvua tangu walipoanza kutembea, wala hapakuwa na aliyewauliza neno.

Simlaumu mwalimu yule, kwani alifanya kama wengi wetu tufanyavyo. Lakini projekta ikitumiwa namna hiyo huwa ni ubao wa gharama kubwa, tena duni kuliko ubao wenyewe. Anayeandika kwa chaki hulazimika kufuata mwendo wa mkono wake, na katika kituo cha mkono mwanafunzi hupata nafasi ya kufikiri. Slaidi hutokea yote kwa mara moja, majibu yakiwa yametangulia maswali.

Yafaa tukumbuke kwamba chombo hiki hakikubuniwa kwa ajili ya shule. PowerPoint, programu ambayo imelipa darasa mazoea hayo ya vitone, ilitolewa mwaka 1987 na kampuni ya Forethought ya Marekani, chini ya uongozi wa Robert Gaskins, na mwaka huo huo Microsoft ikainunua kwa dola milioni 14. Walengwa wake walikuwa watu wa maofisini, ambao kazi yao ni kuieleza hoja iliyokwisha kuamuliwa ili wengine waikubali. Kazi ya mwalimu ni kinyume cha hiyo. Tena, Richard Mayer wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, ameonyesha kwa majaribio mengi kwamba aghalabu mtu hujifunza vizuri zaidi kwa picha inayoelezwa kwa sauti kuliko kwa picha ile ile inayoelezwa kwa sauti na pia kuandikiwa maneno yale yale, kwa kuwa jicho haliwezi kusoma na kutazama kwa wakati mmoja.

Basi tulitazame upya somo lile la bahari, maana ni somo ambalo projekta ingeweza kulifanyia jambo ambalo chaki haiwezi. Wiki tatu kabla ya kipindi, wanafunzi wawili wapewe simu yenye kamera, na kila siku, maji yanapofika ukomo wa kujaa, wapige picha ya nguzo moja ya gati kutoka mahali pale pale. Kabla hata hawajafika darasani watakuwa wamegundua jambo: saa ya kupiga picha husogea mbele kwa kadiri ya dakika 50 kila siku. (Maji yakianza kujaa baada ya machweo, wahamie kwenye maji ya asubuhi; hujaa mara mbili kwa siku.) Picha hizo ziwekwe moja moja katika slaidi, bila neno lolote. Mwalimu akizipitisha kwa haraka, darasa litayaona maji yakipanda nguzo siku hadi siku, yakifika kilele chake wakati wa bamvua, kisha yakishuka hadi maji mafu, na kuanza kupanda tena.

Hapo asimame kwenye picha ya maji mafu na kuuliza: usiku huo mwezi ulionekanaje? Waandike dhana zao kabla ya kuonyeshwa lolote. Kisha aonyeshe slaidi yenye duara tatu tu, yaani Jua, Dunia na Mwezi, nje ya hali ya maonyesho ili duara ziweze kusogezwa, na amwite mwanafunzi auweke Mwezi mahali ulipokuwa siku ya bamvua. Mmoja atauweka kati ya Dunia na Jua. Mwingine atapinga na kuupeleka upande wa pili. Wote wawili wamesema kweli, na ubishi huo ndio somo lenyewe. Nguvu ya Jua ya kuinua maji ni pungufu kidogo ya nusu ya ile ya Mwezi. Zikiwa katika mstari mmoja zinajumlishana, na zikiwa kwenye pembemraba ile ndogo huipunguza ile kubwa.

Liko pia jambo dogo ambalo nimewakuta walimu wengi hawalijui: slaidi zikiwa katika hali ya maonyesho, ukibonyeza herufi B kwenye kibodi, ukuta huwa mweusi, na ukibonyeza tena picha hurudi. Ubishi unapoanza, bonyeza B. Macho yataondoka ukutani na watu watatazamana.

Nitaambiwa kwamba mpango huu unakula vipindi viwili badala ya kimoja, na kwamba mtihani unataka maelezo, si ubishi. La kwanza ni kweli, wala sina dawa yake. Hili la pili nalitilia shaka, kwani aliyeubishia Mwezi mahali pake hahitaji kukariri sababu ya bamvua. Wala sidai kwamba kila mada istahili taabu hii: majina ya bandari yaandikwe kwa chaki na yaishe. Na umeme ukikatika? Picha zile zile zaweza kutazamwa katika simu, zikazungushwa dawati kwa dawati, ingawa darasa la wanafunzi 80 litachelewa.

Linaloniudhi zaidi ni kwamba wagawaji wa projekta huhesabu mashine na kuondoka. Projekta ingefaa ije pamoja na siku chache za walimu kukaa pamoja, kuandaa slaidi za mada zao na kubadilishana picha.

Anayetaka kujaribu aanze siku chache kabla ya mwezi mpevu, na aendelee kupiga picha hata baada yake, kwa kuwa bamvua kubwa aghalabu huchelewa siku moja au mbili, na wanafunzi watamuuliza kwa nini.