Kabla ya Kopo la ARV, Kiulizwe Kichwa

Tangu mwaka 2015, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipoelekeza kila aliyekutwa na VVU aanzishiwe dawa bila kusubiri chembe za kinga za CD4 zishuke, kliniki zetu zimezoea mwendo wa haraka: umepimwa asubuhi, mchana unarudi nyumbani na kopo la ARV. Nauunga mkono mwendo huo, umeokoa wengi. Lakini yupo mgonjwa ambaye haraka hiyo yaweza kumdhuru, naye ni yule ambaye kichwa kinamuuma wiki ya pili sasa.

Huenda huyo ana kifua kikuu cha utando wa ubongo. Kinga iliyochoshwa na VVU inashindwa kuwazuia bakteria wa TB, nao husafiri kwa damu hadi kichwani. Kisha VVU huohuo hufunika nyayo: maji ya uti wa mgongo yaweza kuonekana karibu safi, kwa kuwa chembe nyeupe za kupigana ni chache. Basi mgonjwa anatibiwa malaria, halafu taifodi, mpaka ndugu wanapomsikia anaweweseka.

Akipewa ARV wakati huo, kinga inazinduka na kuwavamia bakteria ndani ya fuvu, mahali pasipo na nafasi ya kuvimba. Ndiyo sababu WHO inataka dawa za TB zitangulie, ARV zifuate baada ya wiki 4 hadi 8. Jaribio la Vietnam lililochapishwa mwaka 2011 lilionyesha kuwa kuanza ARV papo hapo hakukupunguza vifo, na madhara makali yaliongezeka.

Deksamethasoni, dawa ya kutuliza uvimbe inayowasaidia wagonjwa wa aina hii wasio na VVU, nayo haijatukomboa. Mwaka 2023 yalitoka matokeo ya watu 520 wenye VVU, Vietnam na Indonesia: ndani ya mwaka walifariki asilimia 44 ya waliopewa na 49 ya wasiopewa, tofauti isiyotosha kuthibitisha lolote. Karibu nusu, tena chini ya uangalizi wa watafiti!

Kilichobaki ni kuwahi, na kuwahi ni kutoa maji ya uti wa mgongo kwa sindano na kuyapima. Watu wanaiogopa sindano hiyo, wanasema inaua. Naielewa hofu yao: wengi huchomwa wakiwa wamekwisha zidiwa, wakifa inalaumiwa sindano. Mashine ya GeneXpert inayopima makohozi hospitalini hupima na maji hayo, ingawa jibu hasi halitoshi kumwondolea mtu shaka. Fedha zielekezwe kwenye sindano na mafunzo ya matabibu wa wilaya, na swali la kichwa liulizwe kabla kopo halijafunguliwa.